Kupanga Mapumziko ya Krismasi Kando ya Mfereji

(Hotuba ya mwalimu mmoja mstaafu wa Kilimanjaro, iliyosomwa mbele ya mkutano wa walimu na wazee. Tumeipiga chapa kwa kuwa wengi wameuliza habari za safari za namna hii.)



Nimeombwa niseme nanyi leo juu ya kupumzika. Najua wako watakaosema, Je, kupumzika nako ni jambo la kufundishwa? Mtu akichoka si huketi tu akapumzika? Nami zamani nilifikiri vivyo hivyo. Fikira hiyo ilinipotezea fedha, ikamliza mjukuu wangu, na ikamnyang'anya binti yangu siku 4 ambazo alikuwa amezingoja mwaka mzima. Kwa hiyo nitawapa kwanza habari ya makosa yetu, kisha habari ya jinsi tulivyoyatengeneza, ili atakayealikwa baada yangu asikwae penye jiwe lile lile.

Siku hizi watoto wetu wengi wanafanya kazi ng'ambo. Wako wauguzi, wako madereva, wako wanafunzi. Mwaka ukikaribia kwisha huwaandikia wazee wao, "Baba, mama, njooni tukae pamoja wakati wa Krismasi." Mzee hufurahi, huuza ng'ombe au kahawa yake, naye hudhani kazi imekwisha pale anapopata tikiti ya ndege. Sivyo. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza.

Binti yetu ni muuguzi katika mji wa Reading, ulio magharibi ya London. Pale Reading ndipo ianziapo njia ya maji iitwayo Kennet and Avon, inayokwenda magharibi mpaka Bristol, mwendo wa maili 87. Sehemu moja ni mito iliyotengenezwa ipitike kwa mashua, na sehemu nyingine ni mfereji uliochimbwa. Mfereji huo hupita katikati ya jimbo la Wiltshire, lenye mashamba mapana, vilima vya chokaa, na vijiji vidogo vyenye makanisa ya mawe. Binti yetu alilipenda jimbo hilo kwa utulivu wake, akataka sisi, yeye na mtoto wake tukapumzike huko.

Sisi wa Kilimanjaro si wageni wa mifereji. Tangu zamani wazee wetu walichimba mifongo kuleta maji ya mlimani mpaka migombani, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya maji na zamu yake ya kusafisha. Lakini mfereji wa Wiltshire haukuchimbwa kwa kunywesha mashamba. Ulichimbwa ili kupitisha mashua za mizigo, kama makaa ya mawe, nafaka na mawe ya kujengea. Sheria ya kuuchimba ilipitishwa mwaka 1794, na kazi ikamalizika mwaka 1810. Fundi mkuu alikuwa John Rennie. Mashua zilivutwa na farasi aliyepita kando ya maji, na njia ile ya farasi ingalipo hata leo, nayo ndiyo njia wapitayo watembezi.

Labda mtauliza, Mashua hupandaje mlima, hali maji hayapandi? Hupanda kwa malango ya maji. Lango la maji ni chumba kirefu cha mawe au matofali, kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma. Mashua ikiingia kutoka chini, mlango wa nyuma hufungwa. Kisha maji ya juu huachiliwa kidogo kidogo, chumba hujaa, na mashua huinuka pamoja na maji, kama jani linavyoinuka katika ndoo inayojazwa. Maji yakiwa sawa na ya juu, mlango wa mbele hufunguliwa, mashua ikaendelea na safari yake. Karibu na mji wa Devizes, mahali paitwapo Caen Hill, yako malango 29 katika mwendo wa maili 2, nayo huipandisha mashua futi 237. Malango 16 kati ya hayo yamepangwa katika mstari mmoja ulionyooka, kama ngazi ya kupandia mlimani.

Reli ilipofika, mfereji ulikosa kazi. Kampuni ya reli iliununua mwaka 1852, nayo haikuwa na haja ya kuutunza sana. Baada ya mwaka 1950 hivi mashua hazikuweza tena kupita kutoka mwisho hata mwisho, kwani malango yalioza na maji yakavuja. Hapo watu wa kawaida waliungana, wakachanga fedha, wakatoa siku zao za mapumziko kuzoa matope na kujenga upya. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua tena pale Caen Hill. Nataka vijana walishike neno hilo: mfereji unaotupendeza leo ungekuwa umekufa, kama wenyeji hawakujitolea.

Sasa nirudi kwenye makosa yetu.

Mwaka wa kwanza tulifika Reading katikati ya mwezi wa Desemba. Binti yetu alikuwa amepewa ruhusa tangu jioni ya tarehe 24 mpaka tarehe 28, akawa amekodi nyumba ndogo karibu na mfereji, nasi tulikwisha kuilipa yote. Nia yetu ilikuwa kuondoka kwa gari la moshi jioni ile ya tarehe 24. Nasema gari la moshi kwa mazoea ya uzee, ingawa siku hizi halitoi moshi. Lakini wagonjwa hawajui sikukuu. Siku ile alichelewa kazini, na tulipofika stesheni tukaambiwa kwamba jioni ya mkesha wa Krismasi magari huacha kazi mapema, nayo yamekwisha ondoka. Nikasema, "Si neno, tutaondoka kesho asubuhi." Yule mtu akanitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, kesho hakuna hata moja."

Ndivyo ilivyo, wazee wangu. Katika Uingereza, siku ya tarehe 25 Desemba magari ya reli hayaendi kabisa katika nchi nzima. Tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu, huenda machache mno, na sehemu nyingi hayapo. Mabasi ya vijijini nayo hulala. Tena wakati huo mafundi wa reli hupenda kuufanya kuwa wakati wa matengenezo, kwa sababu wasafiri ni wachache. Sisi tuliozoea kuona mabasi yakijaa watu siku za Krismasi, kila mtu akienda kwao, hatukuweza kufikiri jambo kama hilo.

Basi Krismasi ile tuliila katika chumba cha binti yetu, wali na mayai. Maduka makubwa yalikuwa yamefungwa, kwani iko sheria ya mwaka 2004 inayokataza maduka makubwa kufunguliwa siku ya Krismasi katika Uingereza na Wales. Tarehe 26 rafiki mmoja wa binti yetu alituonea huruma, akatupeleka kwa motakaa yake. Tulifika saa kumi na moja jioni, na giza limekwisha ingia. Nyumba ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Kesho yake asubuhi tukamchukua mjukuu kwenda kuona mashua, kwani alikuwa ameahidiwa hivyo kwa miezi 2. Tulipofika kwenye lango la maji tukakuta shimo tupu, lenye matope chini na ngazi ya chuma ukutani. Mtoto akashika kidole changu, akauliza, "Babu, maji yamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Akalia, nami nikaona haya, kwani mwalimu ni mtu wa majibu.

Tuliporudi, mke wangu aliniambia neno moja tu: "Hatukukosa fedha, wala hatukukosa upendo. Tulikosa kuuliza." Neno hilo ndilo hotuba yangu yote. Mwaka wa pili tuliuliza kwanza, tena tuliuliza mapema.

Jambo la kwanza ni hesabu ya siku. Chukueni kalenda, mwanze na siku zilizofungwa, ndipo mpange zilizo wazi. Zilizofungwa ni tarehe 25 na 26 Desemba, na tarehe 1 Januari. Tena mkesha wa Krismasi uhesabuni kuwa nusu siku. Siku mojawapo ya sikukuu hizo ikiangukia Jumamosi au Jumapili, wao huongeza siku nyingine ya mapumziko badala yake, na siku hiyo nayo yafaa kuangaliwa. Atakaye kukaa Wiltshire kwa Krismasi na awe amekwisha kufika tarehe 22 au 23, asiondoke kabla ya tarehe 27. Binti yetu, kwa kuwa ni muuguzi, aliomba ruhusa yake mwezi wa Julai, kabla wenzake hawajaziomba siku zile zile.

Jambo la pili ni ruhusa ya kuingia nchini. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda hana budi kupata viza ya mgeni. Maombi hayapokelewi kabla ya miezi 3 ya siku ya safari, na kwa kawaida jibu hupatikana katika majuma 3, lakini mtu mwenye busara hangoji mpaka majuma 3 ya mwisho. Kwa safari ya katikati ya Desemba, kusanyeni karatasi zenu mwezi wa Agosti, mpeleke maombi mwishoni mwa Septemba au mwezi wa Oktoba. Msilipe nyumba isiyorudisha fedha kabla ya kupata viza. Chagueni mwenye nyumba akubaliye kurudisha fedha zenu mkizuiliwa, mkayasome masharti yake mpaka mwisho. Msisahau bima ya safari, kwani mgeni akilazwa hospitali aweza kudaiwa fedha nyingi. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa sukari achukue dawa za kutosha siku zote, pamoja na karatasi ya daktari wake.

Jambo la tatu ni mahali pa kulala. Wengi hutamani kulala katika mashua. Mashua za mifereji ya Uingereza ni nyembamba sana, upana kama futi 7, lakini ndani zina vitanda, jiko na meko ya kuotea moto. Ni nyumba nzuri ya majira ya joto. Lakini jueni kwamba wengi wa wenye kukodisha mashua hufunga kazi kuanzia Novemba mpaka Machi. Tena miezi hiyo hiyo ndiyo ya kutengeneza mfereji: malango hukaushwa, na milango iliyooza hutolewa, ikatiwa mipya. Kwa hiyo hata mkipata mashua, huenda msiweze kusafiri. Watunzaji wa mfereji, ambao tangu mwaka 2012 ni Canal & River Trust, hutangaza mapema ni lango lipi litafungwa na kwa siku ngapi. Someni tangazo hilo kabla ya kumwahidi mtoto neno lo lote.

Sisi tulichagua nyumba ndogo kijijini. Nyumba za namna hiyo hukodiwa kwa simu au kwa intaneti, na za Krismasi hukwisha mapema. Binti yetu aliikodi mwezi wa Agosti. Kabla ya kulipa aliuliza maswali 5, nami nawashauri myaandike: Nyumba hupashwaje moto, nasi tutalipia moto huo mbali? Tunaweza kuingia siku gani, na saa ngapi? Ni mwendo gani kutoka stesheni? Duka lililo karibu hufungwa siku zipi? Je, iko ngazi ambayo mzee hawezi kuipanda? Juu ya stesheni, jueni kwamba mji wa Devizes hauna reli tangu stesheni yake ilipofungwa mwaka 1966. Atakayekwenda kwa reli ashukie Pewsey, Bedwyn au Bradford-on-Avon, ambako reli na mfereji hukaribiana.

Jambo la nne ni chakula. Kule kijijini duka huwa moja, na mara nyingine hakuna. Nunueni chakula cha siku 4 kabla ya mkesha. Unga wa ugali hupatikana katika miji mikubwa kama Reading, vijijini si rahisi. Ndugu zetu Waislamu wanunue nyama yao mjini kabla ya kuondoka. Msijisumbue kufunga nyama wala maziwa katika mizigo kutoka kwetu, kwani haviruhusiwi kuingia, navyo hutupwa bandarini. Ziko hoteli ndogo zinazopika chakula cha Krismasi, lakini aingiaye bila kuandikisha nafasi majuma mengi mbele hukuta meza zote zina wenyewe.

Jambo la tano ni fedha za pamoja, na hapa nitawapa hadithi ya huko huko. Katika uwanja wa soko wa Devizes uko mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1814. Juu yake yameandikwa maneno ya mambo yaliyotukia mwaka 1753. Mwanamke mmoja wa kijiji cha Potterne, jina lake Ruth Pierce, alipatana na wanawake wengine 3 kununua gunia la ngano, kila mmoja atoe fungu lake. Fedha zilipohesabiwa zikapungua. Ruth alipoulizwa akasema amekwisha kulipa, akajiapiza kwamba afe pale pale kama hakulipa. Akaapa mara ya pili, akaanguka akafa, na fedha zikaonekana zimefichwa katika mkono wake. Mapumziko ya jamaa wengi ni kama gunia lile la ngano. Fungu la kila mtu liandikwe katika daftari, lilipwe kwa siku iliyowekwa, na hesabu isomwe mbele ya wote. Ugomvi wa fedha hupoza nyumba kuliko baridi ya Desemba.

Sasa niseme juu ya hali ya nchi. Picha za Krismasi huonyesha theluji, lakini katika Wiltshire theluji ya Krismasi ni ya bahati tu. Iliyo hakika ni mvua, ukungu na matope. Mchana joto hufika kama digrii 7 au 8, na usiku huenda maji yakaganda. Jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri limekwisha kuchwa. Basi mna saa 8 tu za mwanga, wala si 12 kama kwetu. Panga jambo moja kwa siku, usipange matatu. Vaeni nguo nyepesi nyingi moja juu ya nyingine, sweta, koti la mvua, glavu, kofia ya sufu, na mabuti ya mpira, kwani njia ya farasi huwa tope tupu. Kila mtu mzima awe na tochi.

Na mtatazama nini? Nitawaambia tulivyofanya sisi. Tarehe 22 tulisafiri mchana kwa motakaa tuliyoikodi, na njiani tulisimama penye lango moja lililokaushwa, ambalo tulikwisha kulisoma katika tangazo. Kazi ilikuwa bado haijasimama kwa sikukuu. Mjukuu wangu akachungulia kutoka nyuma ya uzio, na mtumishi mmoja akamweleza: maji yamezuiliwa kwa mbao huku na huku, yaliyomo yametolewa kwa pampu, ili mafundi wafike chini. Milango hii ni ya mti wa mwaloni, nayo hudumu kama miaka 25, kisha haina budi kubadilishwa. Mtoto akanigeukia akasema, "Babu, sasa nimejua yalikokwenda." Shimo lile lililomliza mwaka wa kwanza ndilo alilolichora kwa penseli mwaka wa pili.

Tarehe 23 tulikwenda Devizes kununua vitu sokoni, kisha tukashuka kwa miguu kando ya malango ya Caen Hill. Mashua moja huhitaji kama saa 5 au 6 kuyapita yote, lakini mtembezi hushuka polepole na kupanda tena kabla ya giza. Tarehe 24 tulitembea katika sehemu iitwayo Long Pound, kati ya Devizes na Wootton Rivers, ambayo kwa maili 15 haina lango hata moja. Njia ni tambarare kabisa, hata mke wangu mwenye magoti mabovu aliiweza. Karibu na Honeystreet tulimwona farasi mweupe mkubwa juu ya kilima, aliyechongwa katika chokaa mwaka 1812. Jioni tulikwenda kanisani kusikia nyimbo za Noeli. Tarehe 25 hatukwenda mbali: tulisali, tukala ugali na bata mzinga, tukaota moto, na binti yetu akalala usingizi mchana kutwa. Mke wangu akakataza mtu ye yote asimwamshe. Nikafahamu kwamba ndilo jambo tulilolifuata huko.

Yako pia mambo ya kutazama kwa motakaa, kama ghala kubwa la mawe la Bradford-on-Avon, lililojengwa katika karne ya 14, na mawe ya Stonehenge, yaliyosimamishwa kama miaka 4,500 iliyopita, ambako watu hukusanyika mwezi wa Desemba siku iliyo fupi kuliko zote. Lakini mashine ya mvuke ya Crofton, iliyowekwa kupandisha maji ya mfereji, ambayo injini yake moja ni ya mwaka 1812 na ingali ikifanya kazi, haifunguliwi kwa wageni majira ya baridi. Ulizeni kila mahali kabla ya kwenda.

Mwisho naonya juu ya hatari mbili. Ya kwanza ni maji yenyewe. Ukingo wa lango la maji hauna ukuta, na wakati wa baridi mawe yake huteleza kwa barafu. Aangukaye hukutana na maji ya baridi yanayokata pumzi, na kuta ni ndefu, hazina pa kushika ila ngazi ya chuma. Mtoto ashikwe mkono, na baada ya jua kuchwa mtu asipite karibu na malango. Penye hatari simu ni 999. Hatari ya pili ni moto. Sisi tunajua habari za jamaa waliolala na jiko la mkaa ndani, wasiamke tena. Katika mashua na nyumba ndogo zenye meko ni vile vile: hewa ya sumu haina harufu. Tazameni kama kipo king'ora cha hewa hiyo, mkijaribu siku ya kwanza, wala msizibe matundu ya hewa kwa sababu ya baridi.

Wazee wangu, wahenga wamesema, Mchumia juani hulia kivulini. Julai na Agosti ni jua la Waingereza. Hapo ndipo panapochumwa mapumziko ya Desemba: ruhusa ya kazini, nyumba, na fungu la kila mtu. Mtoto wako akikualika, usimwulize tu, "Tutakuja lini?" Mwulize pia, "Siku hizo ni nini kitakachokuwa kimefungwa?" Akikujibu vema, nenda kwa amani. Asipojua, mngoje aulize, hata ikibidi kungoja mwaka mwingine. Mfereji ule umekwisha kungoja miaka zaidi ya 200, nao utakungoja nawe.